Ngagi dume na watoto waliopoteza mama

Leo tunazungumza na wababa. Tutaanzia kwa jirani yetu, ngagi wa Kahuzi, kule juu ya Miti.

Ngagi dume akikomaa, manyoya ya mgongo wake hugeuka rangi ya majivu. Uzito wake hupita kilo 150. Wengi mnajua anavyojipiga kifua. Wachache wanajua kwamba mchana, majike wakipumzika, watoto humzunguka yeye, wanampanda mgongoni na kumvuta manyoya, naye anavumilia. Wakigombana, hunguruma kidogo, na ugomvi unakwisha.

Ngagi wa milimani kule Rwanda, ndugu wa hawa wetu, wamechunguzwa tangu mwaka 1967. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 uliwafuata wale waliopoteza mama wakiwa na miaka 2 hadi 8. Mtu angedhani watakufa upesi. Hawakufa kuliko wenzao. Kundi liliwasogeza karibu, na zaidi ya wote dume mkubwa. Yatima aliyezoea kulala na mama katika kiota cha majani, huonekana akilala ubavuni mwa dume huyo. Na pale madume wanapokuwa kadhaa, wachunguzi hawakuwaona wakibagua watoto wasio wa damu yao.

Ngagi si malaika, tuseme ukweli. Dume mgeni akikuta kundi lisilo na mlinzi, pengine huua wachanga. Ndiyo maana kifo cha dume ni msiba kwa wote. Kwetu Kahuzi, Maheshe, aliyejulikana na wageni wengi, aliuawa mwaka 1993. Kisha vita. Katika sehemu ya juu ya mbuga, ngagi walihesabiwa zaidi ya 240 mwaka 1996. Mwaka 2000 walibaki karibu 130.

Sasa wewe, baba. Vita vya 1996, vya 1998, na vile vilivyofika mjini Februari 2025, vimeacha watoto mlangoni pako. Unasema: huyu ni wa marehemu ndugu yangu, na bugali haitoshi. Kweli, haitoshi, hatutakudanganya. Lakini angalia: ngagi dume halishi mtoto. Kila mtoto aliyeacha ziwa hujichumia majani mwenyewe. Anachopewa na dume ni nafasi ya kukaa karibu naye, asiguswe na mtu. Hicho hata mwenye mikono mitupu anacho.

Nanyi wakuu wa avenyu, nyumbakumi, wasimamizi wa kambi: mtoto akipokelewa, andikeni jina lake, la aliyempokea, na kijiji alikotoka, ili jamaa zake wakimtafuta wampate. Msimtoe kwa mtu asiyejulikana. Piteni kumwuliza mtoto mwenyewe, kando, anakaaje. Akiteswa, aondolewe siku ile ile. Akiwa wa kilima kingine au wa lugha nyingine, mwandikeni katika daftari hilo hilo.