UA LA BUSTANI NA NYAVU ZA JIRANI

Mada iliyotolewa na Paroko katika semina ya viongozi wa walei



Nimeombwa niseme nanyi juu ya utunzaji wa maji. Huenda mlitazamia nizungumzie viwanda na taka za mjini. Hayo ni ya kweli, na yatakuwa na siku yake. Leo nataka tutazame jambo dogo linaloanzia nyumbani: ua tunalopanda kidimbwini na samaki tunayemfuga katika tangi la kioo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

1. Ua la groto

Miaka michache iliyopita, katika parokia niliyotumwa, tulichimba kidimbwi mbele ya groto ya Mama Bikira Maria. Parokia ile ipo milimani, mbali na ziwa. Mama mmoja mwenye moyo mwema alileta karai lenye mimea iliyoelea, majani yake ya kijani yanayong'aa, maua yake ya zambarau. Alikuwa ameinunua mjini, kwa muuza miche kando ya barabara. Nilimshukuru mbele ya waamini wote. Baada ya wiki chache mimea ile ilikuwa imejaa kidimbwi kizima, nasi tukaona ni baraka.

Jumapili moja, baada ya Misa, alinijia mzee mmoja aliyekuwa mvuvi Ziwa Victoria kabla ya kuhamia kwetu. Alisimama kwanza kimya mbele ya groto. Kisha akasema, "Baba Paroko, hili ndilo lililonifukuza ziwani."

Lilikuwa gugu maji. Nami mtoto wa milimani nilikuwa nimesikia habari zake redioni tangu utotoni, lakini sikulitambua lilipoletwa katika karai kama zawadi. Mzee akanionyesha kwa fimbo yake: kidimbwi kikifurika, maji huingia mtaroni, mtaro unashuka bondeni, bondeni kuna kijito, na kijito hakina safari nyingine ila kwenda ziwani. Mvua za masika zilikuwa karibu. Tuliling'oa lote wiki ileile.

2. Njia ya gugu

Gugu maji si la Afrika. Asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 19 watu walivutwa na uzuri wa maua yake, wakalichukua na kulipanda katika mabwawa ya bustani zao katika nchi nyingi za joto. Lilifika Misri mwishoni mwa karne hiyo. Katika miaka ya 1950 lilionekana katika mto Kongo na Nile Nyeupe, na hapa Tanzania katika mito ya Sigi na Pangani.

Ziwa Victoria lilivamiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi, ndio uliolileta kwa wingi. Wataalamu wengi wanaeleza kuwa huko juu lilikuwa limepandwa kama pambo tangu wakati wa ukoloni. Basi tazameni: aliyelipanda kando ya nyumba yake hakuwa na nia mbaya kwa mvuvi wa Mwanza, wa Kisumu wala wa Jinja. Yawezekana hakujua hata kwamba wapo.

Gugu hili huzaa kwa machipukizi na kwa mbegu. Likipata joto na maji yenye rutuba, huweza kujiongeza maradufu kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Mbegu zake hukaa matopeni miaka 15 na zaidi, zikingoja nafasi. Kufikia mwaka 1998 magugu yalikuwa yamefunika hekta zipatazo 20,000 za ziwa letu.

3. Ni nani aliyelipa?

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la haki, wala si la bustani tu. Mitumbwi ilikwama. Mialo ilifungwa. Nyavu zilisombwa na visiwa vya magugu vinavyotembea kwa upepo. Mzee wetu aliniambia kuwa kuna asubuhi walizotumia saa nyingi wakifungua njia kwa mapanga, na walipofika maji mazito jua lilikuwa limekwisha kupanda na samaki wamekwisha kushuka. Chini ya magugu hewa ya maji hupungua, na samaki hukimbia au hufa. Konokono wanaoeneza kichocho hupata makao, na wanaoingia majini kila siku ni akina mama na watoto wachota maji. Huko Jinja, magugu yalisumbua hata mitambo ya umeme.

Aliyefurahia ua alikuwa mmoja. Waliolipa walikuwa maelfu, na wengi wao maskini. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinatoa sheria juu ya mtu awashaye moto ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya jirani: aliyewasha ndiye atakayelipa. Sheria ile haiulizi kwanza kama alikuwa na chuki. Inatazama shamba lililoungua. Nasi tujifunze kutazama hivyo. Kutokujua kunaweza kupunguza hatia ya mtu, lakini hakurudishi nyavu za jirani. Na sisi tuliokwisha kuambiwa hatuna tena kisingizio cha kutokujua.

4. Si gugu hili peke yake

Kuna jani jingine dogo linaloelea, liitwalo salvinia, asili yake kusini mwa Brazil. Lilienezwa duniani na wapenda matangi ya samaki na vidimbwi. Mwaka 1962 lilikuwa limefunika zaidi ya sehemu moja ya tano ya Ziwa Kariba, na katika miaka hiyohiyo ya 1960 likaonekana Ziwa Naivasha, nchini Kenya.

Tusidhani pia kwamba sisi ni wa kuletewa tu. Katika Bahari ya Hindi na Pasifiki kuna samaki wazuri wenye mistari myekundu na miiba yenye sumu, ambao Waingereza huwaita samaki simba. Hapa kwetu wanaishi kwa kiasi, kila kiumbe na mahali pake. Lakini walichukuliwa na kuuzwa Marekani kwa ajili ya matangi ya kioo. Mwaka 1985 walionekana baharini, pwani ya Florida, na wataalamu wanaona kuwa walitoka mikononi mwa wafugaji. Leo wameenea hadi visiwa vya Karibi na wanamaliza samaki wadogo wa miamba.

Kwa hiyo tusiseme kuna kiumbe kiovu. Gugu maji halina dhambi huko Amazon, ambako lina wadudu wanaolila na kulipunguza. Uharibifu huanza pale binadamu anapolihamisha kwa ajili ya furaha yake, kisha analitupa asipotaka kulitunza tena.

5. Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya

Wengine watasema, "Si wataalamu walishinda magugu?" Ni kweli, walifanya kazi kubwa. Kuanzia mwaka 1995 huko Uganda, na mwaka 1997 Kenya na Tanzania, waliachiliwa wadudu wadogo aina ya mbawakavu, wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao chakula chao ni gugu hilo. Wadudu hao, wakisaidiwa na mabadiliko ya hali ya hewa ya miaka ile, walipunguza magugu sana kabla ya mwaka 2000. Lakini hayakwisha. Katika ghuba ya Kisumu yaliongezeka tena miaka michache baadaye, na mpaka leo yapo. Kilichotoka bustanini kwa karai moja hakijarudishwa kwa miaka zaidi ya 30, wala kwa fedha za serikali tatu.

Nchi za Ulaya zimelielewa hili: tangu mwaka 2016 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuza na kupanda gugu maji katika nchi zake. Sisi tuliokwisha kuumizwa tungepaswa kuwa wa kwanza.

6. Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kupanda mmea wa majini, tuulize jina lake na mahali ulikotoka. Muuzaji asipojua, tusinunue. Kwa vidimbwi vya groto na vya shule zetu, yungiyungi wa asili wa eneo letu anatosha.

Pili, kidimbwi kisiwe na njia ya kumwaga maji mtaroni au kijitoni. Kingo ziinuliwe, na kisichimbwe mahali mafuriko yanapopita.

Tatu, mimea tunayoing'oa isitupwe majini wala jalalani karibu na maji. Tuing'oe kabla haijatoa mbegu, tuianike mahali pakavu hadi ife kabisa, kisha tuichome au tuifukie mbali na bonde.

Nne, samaki wa tangi asiachiliwe mtoni, hata kama mtoto anamhurumia. Arudishwe kwa muuzaji au apewe mfugaji mwingine. Maji ya tangi yamwagwe shambani penye udongo mkavu, maana huweza kuwa na mayai, konokono na vipande vya majani.

Tano, wavuvi wetu wakihamisha mitumbwi na nyavu kutoka maji haya kwenda mengine, wavisafishe na kuvianika kwanza.

Sita, tukiona mmea mgeni unaoelea mahali ambapo haukuwapo, tumwarifu bwana samaki au ofisi ya kijiji siku hiyohiyo. Wiki mbili za kungoja zinatosha kuufanya mara mbili.

Ndugu zangu, yule mama aliyeleta maua alilia nilipomweleza. Nilimwambia kuwa kosa ni letu sote, na langu zaidi, kwa kuwa nilipokea bila kuuliza. Yeye ndiye aliyeshika jembe wa kwanza siku ya kung'oa. Leo kidimbwi kina yungiyungi, na kila anayekuja kusali huelezwa na WAWATA kwa nini. Hiyo nayo ni katekesi.



Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Maji yanayotoka katika mitaa na vigango vyetu yanaishia wapi, na ni akina nani wanaoyatumia huko chini?

2. Je, kuna vidimbwi au matangi ya samaki katika nyumba, shule na taasisi zetu? Mimea na samaki waliomo wametoka wapi?

3. Mtu akisababisha hasara kwa jirani bila kukusudia, haki inadai afanye nini?

4. Jumuiya yetu itafanya jambo gani moja kabla ya mvua zijazo, na nani atalisimamia?