Usajili ni Haki, Si Hisani



Tumeombwa tueleze ni sheria zipi zinazotawala vyama na mashirika yasiyotafuta faida. Wengi hudhani hayo ni mambo ya mawakili. Sivyo. Mwenye uwezo wa kufuta jina lenu daftarini ndiye ashikaye ufunguo wa mlango wenu.

Mwaka 1990 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuratibu Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Hapo mwanzo, shirika lililoonewa lilikuwa na Waziri tu wa kumkatia rufani. Ni baada ya mashirika kushikamana na kulalamika ndipo njia ya Mahakama Kuu ilipofunguliwa.

Agosti 1991, FORD ilitangazwa na waasisi 6. Si kwamba walikosa wenzao. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, iliwahusu watu 10 au zaidi; chini ya idadi hiyo Msajili hakuwa na la kuwaambia. Kuijua sheria kuliwapa ngao.

Hata baada ya vyama vingi kurejea, kalamu ya kufuta haikupumzika. Mwaka 1995, CLARION, iliyokuwa imeandika juu ya ufisadi, ilifutiwa usajili.

Leo tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 36 chasema usajili usikataliwe wala kufutwa pasipo sababu za haki, na chama kisikilizwe kabla ya kufutwa. Tuna pia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyotiwa sahihi Januari 2013. Lakini ilianza kutumika lini? Tarehe 14 Mei 2024. Kwa miaka 11 sheria njema ililala, na ile ya 1990 ikaendelea kututawala. Tujifunze basi: kupitisha sheria ni nusu ya safari.

Milango ya kujisajili ni kadhaa: chama chini ya Sura ya 108, walikosajiliwa makanisa mengi, amana iliyo mikononi mwa wadhamini, kampuni isiyo na hisa, ambayo wanachama wake huahidi dhamana tu, na shirika la manufaa ya umma. Kila mlango una bawabu wake na masharti yake. Kabla ya kuingia, ulizeni: ni nani awezaye kututoa, kwa sababu gani, na tutamlilia nani?

Kisha tutunze nyumba zetu. Mkutano mkuu ufanyike kila mwaka, kumbukumbu ziandikwe, hesabu zikaguliwe, taarifa zipelekwe kwa wakati. Aliyekusudia kutunyamazisha huanza kwa kutafuta karatasi iliyokosekana, tusimpe kisingizio. Na hata asingekuwapo, mjane aliyetoa senti yake ya mwisho anastahili kujua ilikokwenda.

Tukidai serikali ituwajibikie, tuanze kwa kuwajibika sisi kwa sisi.