Polaraizesheni Mtambuka Katika Antena za Kiraka: Kujua Chanzo Kabla ya Kutoboa Bamba

Antena ya kiraka cha mikrostripu ni nyembamba, nyepesi, na huchapwa kwenye ubao kama saketi nyingine yoyote. Kasoro yake ni polaraizesheni mtambuka, yaani mnururisho unaotoka umegeuka nyuzi 90 kutoka ule tulioukusudia. Minara ya simu inayotumia masafa yaleyale kwa mawimbi mawili, moja limeinama nyuzi 45 kulia na jingine kushoto, huumia mapema: uvujaji ulio desibeli 20 chini bado ni sehemu moja kwa mia ya nguvu. Ninachotetea hapa ni kwamba kasoro hii ina vyanzo viwili, na tiba zinazosifiwa zaidi hugusa kimoja tu.

Chanzo cha kwanza ni pini ya kulishia. Kwenye kiraka cha mstatili tunaitaka modi ya TM10, lakini pini iliyosimama katikati ya upana huamsha pia TM02, kwa kuwa uga wa modi hiyo una kilele papo hapo. Mchango wake hujifuta mbele kabisa ya antena, kisha hujitokeza pembeni katika bapa la H, hivyo anayepima mbele tu huridhika bure. Unene wa ubao huongeza tatizo. Kwa 2.4 GHz, wimbi hewani lina urefu wa milimita 125. Ubao wa milimita 1.6 unavumilika, ila anayeupandisha hadi milimita 6 akitafuta upana wa bendi atalipia. Pini mbili zinazolishwa kwa awamu zilizopishana nyuzi 180 hufuta TM02 na kujumlisha TM10. Ni njia safi, lakini kigawanya nguvu chake hula nafasi, na kwenye safu ya viraka vingi nafasi yenyewe haipo. Ndiyo maana watu walivutiwa na kutoboa bamba la ardhi, jambo ambalo watafiti Guha, Biswas na Antar walilionyesha mwaka 2005 kwa kiraka cha duara: pini inabaki moja, modi isiyotakiwa inavurugwa. Wapo wanaopinga kwamba tundu huvujisha mawimbi nyuma. Wana haki, ingawa tundu dogo kuliko saizi inayoitikia masafa ya kazi huvujisha kidogo. Mbunifu na aonyeshe vipimo vya nyuma, kabla na baada.

Chanzo cha pili hakina habari na pini. Hata TM10 iliyo safi hunururisha kupitia kingo za pembeni, na michango hiyo hufutana katika mabapa ya E na H lakini si katika ulalo wa nyuzi 45. Ulishaji linganifu haufiki huko. Inabidi kushughulikia kingo zenyewe, au uwiano wa upana kwa urefu wa kiraka. Mtu atasema ulalo si mwelekeo wa kazi. Lakini simu za wateja hazijipangi kwenye mabapa mawili, na boriti ya safu inayoelekezwa kielektroniki hupita humo. Ripoti yenye michoro ya E na H pekee, hata ikidai desibeli 30, imepima pale ambapo kingo tayari zimenyamaza zenyewe.