Nani Akae na Nani Shambani?

(Mazungumzo na wakulima wa Bahi)

 

Leo tuzungumze juu ya ujirani. Siyo ujirani wa nyumba na nyumba, bali ujirani wa mimea na wanyama. Wahenga walisema, "Ndege wafananao huruka pamoja." Wahenga hao hao wakasema, "Mafahali wawili hawakai zizi moja." Sasa tushike lipi? Kufanana kunaleta urafiki au ugomvi? Anayelima mtama hapa Bahi anapaswa kulijua jibu, maana linagusa ghala lake.

MAHALI

Jambo la kwanza ni mahali. Tazameni bonde letu. Mto Bubu humwaga maji yake katika mbuga ya Bahi wakati wa mvua. Huko chini kuna matete, na kwenye majaruba kuna mpunga. Panda juu kidogo, kwenye nchi kavu. Utakuta migunga na mibuyu, mtama na uwele.

Kwa nini wametengana? Mpunga una njia za hewa ndani ya shina. Hewa hupita humo mpaka kwenye mizizi iliyo ndani ya maji. Uwele haukuumbwa hivyo. Maji yakisimama siku nyingi, mizizi yake hukosa hewa, ikaoza. Nao mpunga ukiupeleka kwenye nchi kavu, utakufa kwa kiu. Kila mmoja ana kwao.

MGAO

Jambo la pili ni mgao. Chukua viumbe wawili wanaokaa mahali pamoja. Wakitaka kitu kile kile, kwa wakati ule ule, na kitu chenyewe hakitoshi, mwenye nguvu humsukuma mwenzake. Hao ndio mafahali wa zizi moja. Lakini wakigawana, hukaa pamoja.

Huko Serengeti wanyama wengi hula nyasi, na bado hukaa pamoja. Pundamilia hutangulia. Yeye hula sehemu ndefu na ngumu za nyasi. Nyumbu hufuata, akachagua majani yaliyofunuliwa. Mwisho huja swala tomi, akala machipukizi mafupi yaliyo karibu na ardhi. Chakula ni kimoja, lakini kila mtu na fungu lake. Hata katika mifugo yetu ni hivyo. Ng'ombe huinamia nyasi, na mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma akachuma majani ya vichaka.

KUSAIDIANA NA KUNYONYANA

Jambo la tatu ndilo kubwa kwetu. Wapo wanaokaa pamoja kwa kusaidiana, na wapo wanaokaa pamoja kwa kunyonyana.

Ng'oa mche wa kunde wakati unatoa maua. Tazama mizizi yake. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, basi kinafanya kazi. Humo wanakaa bakteria, yaani vijidudu wadogo wasioonekana kwa macho. Kunde huwapa chakula. Wao huchukua naitrojeni kutoka hewani, wakaigeuza kuwa mbolea ya kunde. Kunde zikivunwa na mabaki yake kuachwa shambani, udongo nao hupata faida.

Sasa tuseme juu ya kiduha. Mmekiona: kijimea kifupi chenye maua mazuri, mekundu au ya zambarau. Hicho ni mwizi. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Mzizi wa mtama ukipita karibu, mbegu husikia harufu yake, ikaamka. Kisha kiduha hujichomeka kwenye mzizi huo na kunyonya maji na chakula. Hufanya hivyo kwa majuma kadhaa chini ya ardhi. Siku unapokiona juu, mtama umekwisha dhoofika. Wapo wanaosema shamba limerogwa. Halikurogwa, ndugu zangu. Limeibiwa.

TUFANYE NINI?

1. Panda kunde pamoja na mtama, au panda kunde mwaka huu na mtama mwaka ujao. Mizizi ya kunde huweza kuamsha mbegu za kiduha cha mtama, lakini kiduha hicho hakiwezi kuinyonya. Kikiamka na kukosa chakula, hufa.

2. Usibananishe. Mvua yetu ni kidogo, kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Ukijaza kunde kila mahali, nazo zitageuka mafahali na kugombea maji na mtama.

3. Peleka samadi shambani. Kiduha hupenda udongo uliochoka. Zizi limejaa mbolea na shamba lina njaa: je, ni haki?

4. Ng'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu. Mche mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu. Kama kimekwisha kutoa mbegu, kichome moto. Usikitupe njiani, wala usiwape ng'ombe.

5. Muulize bwana shamba au bibi shamba juu ya mtama wa Hakika na Wahi. Mbegu hizo zilitolewa nchini mwaka 2002, nazo hustahimili kiduha.

Neno la mwisho. Upepo, maji na jembe la kuazima hubeba mbegu za kiduha. Ukipalilia wewe na jirani yako asipalilie, mwakani kitarudi kwako. Kwa hiyo siku ya kung'oa iwe moja kwa mashamba yote yanayopakana.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini uwele hauoti kwenye majaruba?
2. Ng'ombe na mbuzi wanagawanaje malisho kijijini kwenu?
3. Katika shamba lako, nani anamsaidia mtama, na nani anamwibia?
4. Ni lini nyote mtang'oa kiduha pamoja? Andikeni tarehe.