Nani Mwanamichezo Bora? Mizani Si Moja

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi, walimu na makocha wakati wa kufunga mashindano ya wadi

 

Mwaka jana, baada ya mashindano kama haya, niliandika katika jarida la kaunti kwamba mwanamichezo bora alikuwa kijana aliyeshinda mbio za mita 10,000. Siku chache baadaye mama mmoja alinisimamisha sokoni. Binti yake ni kipa, na timu yao haikufungwa bao hata moja. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulitumia mizani gani?" Sikuwa na jibu. Leo nataka kumjibu mbele yenu.

Tuanze na watu tunaowajua. Oktoba 2023, marehemu Kelvin Kiptum alimaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Ukizigawa mbio hizo katika vipande vya mita 100, kila kipande alikikimbia kwa takribani sekunde 17, zaidi ya mara 420, bila kupumzika. Ferdinand Omanyala naye, Septemba 2021 jijini Nairobi, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, mara moja tu, akawa amemaliza kazi.

Nani hodari kuliko mwenzake? Hata hapa, ambapo wote wawili ni wakimbiaji, swali halina jibu. Misuli yetu ina nyuzi za aina mbili kuu: zile zinazojikunja upesi na kuchoka upesi, na zile za polepole zinazostahimili. Kila mtu ana mchanganyiko wake. Mazoezi huunoa, lakini hayamgeuzi Omanyala kuwa Kiptum.

Sasa toka nje ya mbio. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, na mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Robert Wangila alishinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya katika Olimpiki nje ya riadha. Je, wangepimwa kwa mbio za mita 10,000 peke yake, tungewajua?

Na kipa? Anaweza kukaa dakika 80 bila kuguswa na mpira, kisha penalti ipigwe kutoka mita 11. Mkwaju mkali hufika golini kwa chini ya nusu sekunde. Katika muda huo aone, aamue, aruke. Hakuna saa ya mkononi inayopima hilo.

Ndugu zangu, huu si ubishi wa kijiweni tu. Mtoto akishika mkia katika mbio za shule, mara nyingi tunamwambia akakae kivulini. Hapo anakosa kocha, anakosa viatu, na pengine anakosa nafasi katika shule inayotafuta wachezaji. Baya zaidi, anaamini hana kipaji chochote.

Makocha, kabla ya kumwacha mtoto, mpime kasi, pumzi, nguvu, mruko, na jinsi jicho na mkono wake vinavyoshirikiana. Hauhitaji mashine. Unahitaji saa, futi ya kamba, mpira, na ukuta wenye alama ya chaki. Omanyala mwenyewe alicheza raga kabla ya kuhamia mbio fupi. Aliyeshindwa hapa huenda akang'ara pale.

Wazazi, mtoto akichukia kukimbia, msimwite mvivu. Mwulizeni anapenda nini, kisha mje uwanjani mmwone akikifanya.

Nami nina deni langu. Safari hii sitaandika jina la mwanamichezo bora mmoja. Nitaandika aliyefanya vyema katika kila mchezo, na nitaeleza alichokifanya. Mama yule, kama upo hapa, jibu langu ni hili: nilitumia mizani ya mkimbiaji kumpima kipa. Naomba radhi kwako na kwa binti yako.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa mbawa zake.