Dende, Si Panya: Juu ya Sanamu ya Mchezo Wetu Dukani

Maneno ya kikundi cha vijana wachoraji mbele ya mkutano wa wanamemba, Baraka



Mkutano uliopita mlituuliza, na mliuliza kwa ukali kidogo: dola 25 za kese zilienda wapi, na mbona watu hawachukui mchezo? Haki yenu. Dola 25 ndizo Google Play inaomba, mara moja tu, kwa kufungua akaunti ya mtengenezaji. Kisha tuliomba watu 12 wajaribu mchezo siku 14 mfululizo, juu hilo ni sharti kwa akaunti mpya ya mtu binafsi. Mama wawili walimaliza mega zao wenyewe kwa kazi hiyo, tunawashukuru tena. Mchezo ukaingia dukani. Watu wakafika mlangoni, wakachungulia, wakaenda zao. Leo tunasema juu ya ule mlango, maana kosa lilikuwa pale, na lilikuwa letu.

Kwa wale hawajauona: ni mchezo wa kufuga dende jikoni. (Waliokulia Nyarugusu wanasema simbilisi. Ni nyama ileile.) Unafungua telefone, unawatupia majani, unasogeza kuni, unafunga. Hakuna adui, hakuna kushindwa, na ukichelewa siku tatu hakuna dende anayekufa. Ukirudi jioni wamekula, wamezaa, wamehamia kona ingine. Hatukuvumbua sisi. Kampuni Hit-Point ya Japani ilitoa Neko Atsume mwaka 2014: unaweka chakula na vitu vya kuchezea uani, unafunga, unarudi kuona paka gani wamepita. Mtu anayetafuta mchezo kama huu amechoka. Anataka mahali pa kutuliza roho dakika mbili. Basi sanamu ya dukani inapaswa kumwambia, kabla hajasoma neno: hapa utapumzika. Yetu haikumwambia hivyo.

Tuanze na ikoni. Inaombwa mraba wa pikseli 512 kwa 512, na kwenye ordinatere ni kubwa, inafurahisha macho. Tulichora dende wa kahawia mbele ya ukuta wa udongo wa kahawia, unyoya kwa unyoya, mistari myembamba kama uzi. Tulijipigia makofi. Siku moja mmoja wetu alishuka nayo bandarini, kwenye telefone yenye kioo kilichopasuka, jua la saa sita, akamwonyesha mama muuza samaki. "Mama, unaona nini?" Mama akasogeza telefone mbali, akaileta karibu. "Iko panya. Njo munauzisha panya sasa?"

Tulicheka. Kisha tukaonyesha wengine, na kicheko kikaisha. Panya, panya, tena panya. Mzee mmoja alisema kiazi.

Kwenye telefone ile ikoni haipiti ukucha wa kidole gumba. Unyoya wote tuliouchora kwa wiki mbili ulikuwa umekufa pale. Tulianza upya. Dende wa sasa ana mabaka meusi na meupe, kama wengi wa wale tunaowafuga, na amesimama mbele ya rangi moja ya machungwa, ya moto. Tulikata mwili, tukabakiza uso: jicho moja kubwa lenye nukta ya mwanga, masikio yaliyolala, na jani la kijani mdomoni. Lile jani ndilo lilimaliza kesi. Panya hatafuni jani kwa utulivu vile. Pembe za mraba tuliziacha tupu, juu Google Play yenyewe inazikata ziwe za mviringo, na mwanzo ilikuwa imetukatia sikio. Tulipomrudia mama wa samaki alisema, "Aa, dende. Anakula." Hatukumwuliza zaidi.

Sasa jambo gumu. Juu ya ukurasa kuna sanamu ndefu, pikseli 1024 kwa 500. Mfadhili mmoja, kwa nia njema kabisa, alishauri tuweke hapo hema, gari la kubeba watu, na mtoto aliyeshika dende huku analia, ili watu wajue mchezo umetoka kwa nani. Tulikubali. Tena tuseme wazi: hakutulazimisha. Sisi wenyewe tulizoea kwamba sanamu yetu ni hema. Katika kambi tulipigwa foto nyingi, na karibu zote zina hema nyuma.

Matokeo? Aliyekuja kutafuta pumziko alikutana na kilio, akafunga. Aliyeguswa na kilio akaingia ndani akakuta dende wanatafuna majani, akasema amedanganywa. Wote wawili walikuwa na haki. Na kuna mama wa chama, hatumtaji, aliyetuita pembeni. Alisema: "Miaka yote kule niliota jiko langu. Sasa nimerudi, niko na jiko, na ninyi munanirudisha hemani?"

Hatukuwa na jibu. Tuliondoa hema.

Ile ya sasa ni jiko la usiku: mafiga matatu, chungu, dende wanne wamelala kwenye duara la mwanga wa moto, pembeni giza la bluu. Tulijifunza kwamba sanamu ya usiku ikiwa giza tupu, kwenye telefone ya bei ndogo juani haionekani kitu. Mwanga lazima utoke ndani ya sanamu, na giza likae kando tu. Kosa lingine dogo: tuliweka na video, basi alama ya kuichezesha ikakaa katikati, usoni pa dende mkubwa, kama amevalishwa miwani. Tulimsogeza kidogo kushoto, lakini si hadi ukingoni.

Zinabaki foto za ndani ya mchezo. Duka linakubali hadi nane kwa telefone. Hapa palitusumbua kuliko pengine pote, juu utaonyeshaje, kwa foto isiyotembea, mchezo ambao kazi yake kubwa ni kungojea? Mwanzo tuliweka sarafu zinaruka, namba kubwa, alama za mshangao. Ikaonekana kama mchezo wa kamari. Kisha mdogo wetu mmoja, mwenye miaka kumi na nne, akasema: chora jiko lilelile mara tatu. Asubuhi dende wawili na majani mengi. Mchana majani yamepungua, dende hawaonekani, ni mkia wa moshi tu. Jioni wako watano, wadogo watatu wamejificha nyuma ya chungu. Hakuna kilichobadilika mahali pake isipokuwa mwanga na dende. Mtu anazipitisha kwa kidole na anaelewa kwamba wakati umepita bila yeye, na hakuna kibaya kilichotokea. Hizo tatu ndizo za kwanza sasa, na zote ni za ndani ya mchezo kweli, hatukupamba. Maneno juu yake ni machache, Kiswahili na Kifaransa, makubwa ya kusomeka bila miwani.

Google Play inaruhusu pia kujaribu sanamu mbili kwa pamoja, wageni wengine waone hii, wengine ile. Kwa wageni wachache kama wetu jaribio hilo linakawia sana kusema kitu. Kwa sasa bandari inatufaa zaidi, na haiombi mega.

Ugomvi mmoja haujaisha. Wengine katika komite wanataka jina la chama liandikwe kwenye sanamu ndefu. Sisi tunasema likae kwenye maelezo, chini, pamoja na habari yetu ya kurudi, kwa yule ameshapenda dende na anataka kujua wenyewe ni nani. Tuliandika hivyo kwa muda, hadi mkutano uamue.

Jumapili baada ya ibada tutakuwa na telefone tatu nje ya ofisi, zenye sanamu mbili za jiko: moja yenye paka mlangoni, moja bila paka. Piteni mtazame kwa haraka, kama mtu anayepita njia, na mtuambie mmeona nini. Msituambie kama ni nzuri.