Suez: Ushuru wa Meli na Ajira za Viwandani

Mwaka 2023 Misri ilikusanya zaidi ya dola bilioni 10 kutoka kwa meli zinazopita Mfereji wa Suez. Mwaka uliofuata mapato hayo yakaporomoka hadi takriban bilioni 4. Mfereji wenyewe ulikuwa mzima. Wahouthi wa Yemen walikuwa wakishambulia meli katika Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi zikaona heri kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Anayetegemea ushuru wa wapita njia hana la kufanya wapita njia wakibadili njia. Ndiyo maana nalipa uzito mkubwa Eneo la Kiuchumi la Mfereji wa Suez, lililoanzishwa mwaka 2015, kuliko hata upanuzi wa mfereji uliozinduliwa kwa shangwe mwaka huohuo. Lina bandari sita na maeneo manne ya viwanda. Ain Sokhna kuna viwanda vya Wachina. Qantara Magharibi inavuta vya nguo. Kijana wa Ismailia akipata kazi cherehanini, jioni analala kwao. Meli ya makontena inayopita haimpi hilo.

Kweli, viwanda hivyo navyo vinahitaji meli ili kuuza nje. Ila kinachonihangaisha zaidi ni nani anayeviuzia vifungashio, chakula cha wafanyakazi na huduma za ufundi. Vyote vikiagizwa kutoka ng'ambo, wenyeji wataambulia kuutazama uzio tu. Cairo iwatengee wafanyabiashara wadogo wa Port Said, Ismailia na Suez sehemu ya zabuni za kuvihudumia viwanda hivyo, tena kwa sheria.